Unataka Picha ama Unataka Kufika?

Wasee, wacheni kunicheka juu ya vipande vya tyubu kwenye baiskeli yangu. Ndio, fremu ni kaboni. Ndio, ni mtumba, na niliiwekea akiba miaka miwili. Ndio maana nimeivisha.

Ukitoka Migori kwenda Homa Bay unapita Awendo katikati ya malori ya miwa, halafu unakata kushoto Rongo. Njiani kokoto zinarushwa na gurudumu la mbele moja kwa moja hadi chini ya fremu. Chuma kikigongwa kinabonyea, unaona. Kaboni inaweza kupasuka ndani, na juu ukaona alama ndogo tu. Rangi ikichubuka peke yake, hiyo ni sura. Nyuzi zikikatika, hiyo ni noma, haswa ukiwa mteremkoni.

Mimi nalinda sehemu tatu: chini zinakogonga kokoto, nyuma mnyororo unakopiga, na mbele waya za breki zinakosugua. Lakini osha kwanza, kausha, ndio ufunge. Mchanga ukibaki chini ya tyubu unageuka msasa. Na mara kwa mara fungua, uangalie kama kuna ufa.

Hii si akili yangu. Wazee wa Black Mamba walizungushia fremu zao mpira na plastiki kitambo, juu baiskeli ndio ilikuwa inalisha nyumba.

Kwa hivyo ukiniambia tyubu inaharibu sura, nakuuliza tu: unataka picha ama unataka kufika?