Maski ya Kidevuni

Wasee, leo nakiri kosa langu.

Mwaka wa 2020 nilikuwa nimeacha chuo, niko nyumbani Busia. Ukipatikana bila maski, faini ilikuwa hadi shilingi 20,000 ama jela miezi 6. Mtu wa boda hapa boda ya Uganda atatoa wapi hiyo pesa? Kule Malaba malori yalipanga foleni ya kilomita na kilomita, madereva wakingoja majibu ya kipimo. Halafu unafungua simu unaona mheshimiwa amesimama juu ya gari, maski kidevuni, umati umebanana chini yake.

Nilichukua picha moja hivyo, nikaikata ibaki uso tu, nikaandika: "Corona ni ya maskini." Ikasambaa vibaya sana.

Jioni mathe akarudi kutoka soko bila maski. Kumuuliza, akanijibu, "Si wewe mwenyewe ndio uliandika?"

Niliishiwa maneno. Picha ilikuwa ya ukweli, na hasira yangu pia. Lakini picha ni sekunde moja, na sekunde ambayo mathe aliona nilimchagulia mimi.

Novemba hiyo Rais Uhuru alisimamisha mikutano ya siasa kwa siku 60. Kwetu ilikuwa too late. Zile picha zilikuwa zimeshatufunza kwamba maski ni ya kuogopa polisi, si ya kuzuia ugonjwa.

Siku hizi kabla sijapost mheshimiwa yeyote, najiuliza mathe ataelewa nini.

Wewe ulisambaza ngapi?