Maji ya Mbali na Maji ya Karibu

Wahenga walisema tembea uone, lakini hawakusema ni nani atakayechagua cha kuonwa.

Katika mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, ambako Kiswahili ndicho kinachosikika barazani na sokoni, anakaa askari polisi mmoja ambaye mwaka 2018 alipelekwa China kwa mafunzo ya miezi michache. Jambo hilo si la kustaajabisha. Uhusiano wa Burundi na China ulianza mwaka 1963, ukakatika mwaka 1965, na tangu uliporejeshwa mwaka 1971 Warundi kadha wa kadha wamekwenda huko kujifunza. Mafunzo yalipomalizika, wenyeji wao waliwatembeza siku kumi ili waione nchi kabla ya kurudi kwao.

Aliporejea, sebule yake iligeuka darasa. Kila jioni baada ya chakula alitandaza picha mkekani. Hapa Ukuta Mkuu kule Badaling, ambako alipanda ngazi hata magoti yakamtetemeka, ingawa ni mtu aliyezoea gwaride. Hapa kasri ya wafalme wa kale mjini Beijing. Na hapa jeshi la udongo la Xi'an, lililogunduliwa mwaka 1974 na wakulima waliokuwa wakichimba kisima. Hilo ndilo lililomgusa zaidi: maelfu ya wapiganaji wamesimama safu kwa safu, wala nyuso zao hazifanani.

Watoto, lakini, walipenda hadithi ya meli. Kutoka Chongqing walishuka kwa mto Yangtze, mrefu kuliko mito yote ya Asia, mpaka Yichang. Kiongozi wa msafara, binti mwenye kibendera chekundu, aliwaita sitahani kila palipokuwa na la kutazamwa. Aliwaonyesha mlango wa korongo la Qutang, ambao sura yake imechapwa katika noti ya yuani 10. Aliwaonyesha hekalu la Zhang Fei, lililobomolewa na kujengwa upya mahali pengine ili lisizame. Mwisho wakafika Bwawa la Makorongo Matatu, lenye urefu wa meta 2,300 hivi, ambapo meli hushushwa kupitia vyumba vitano vya maji vilivyopangwa kama ngazi. Kandokando ya mto, juu ya majabali, palikuwa na mbao zenye tarakimu 175. Ndicho kimo cha maji juu ya usawa wa bahari, kwa meta, kilichofikiwa mwaka 2010. Chini yake ilizama miji.

Askari aliitaja namba hiyo kama mtu anayetaja ajabu, na watoto wakaikariri. Mkewe alisikiliza huku akichagua mchele, asitie neno.

Aprili 2020 mto Rusizi ulifurika, ukaingia Gatumba, magharibi ya mji, katika njia iendayo Uvira. Maelfu ya watu waliyahama makazi yao. Usiku mmoja mdogo wake mke alibisha hodi akiwa na watoto wanne, sufuria mbili, na godoro lililolowa. Chumba cha wavulana kikawa chao.

Wiki chache baadaye jirani alikuja kuwapa pole, na askari, kwa kutaka kuchangamsha mazungumzo, akazitoa tena zile picha. Alipofika penye hekalu, shemeji yake aliyekuwa kimya pembeni aliuliza taratibu:

"Shemeji, hekalu walilihamisha. Na watu je?"

Askari alieleza kwamba watu zaidi ya milioni moja walihamishwa, na kwamba miji mipya ilijengwa mahali palipoinuka. Akaongeza kuwa bwawa lilikusudiwa pia kuzuia mafuriko, kwa maana mafuriko ya mwaka 1954 katika mto ule yaliua watu zaidi ya 30,000.

"Na hao waliohama, uliwaona?"

Alipekua picha moja baada ya nyingine. Majabali, meli, kibendera chekundu, na yeye mwenyewe akiwa amevaa miwani ya jua. Hapakuwa na mtu hata mmoja aliyehama. Ratiba ya safari haikuwa na kituo hicho, naye hakuuliza.

Ndipo mkewe aliponena: "Baba watoto, miaka miwili umetuonyesha maji ya mbali. Haya ya hapa hujatupeleka kuyaona."

Neno hilo lilimkaa moyoni. Gatumba aliijua kwa zamu za kizuizi cha barabarani, hakuijua kwa nyumba zake.

Mei 2021 ziwa Tanganyika lilipanda na Gatumba ikafurika tena. Jumapili moja askari alivua sare, akakodi mtumbwi na mpiga kasia wake, akawapandisha mkewe na watoto wakubwa wawili. Shemeji akamketisha mbele.

"Leo kiongozi wa msafara ni wewe," alimwambia.

Hakuwa na kibendera. Alinyosha mkono tu. Hapa palikuwa na duka la unga. Pale palikuwa na bomba, na foleni ya ndoo tangu alfajiri. Akacheka kidogo, kwa kuwa sasa maji yalikuwa kila mahali. Chini ya mwembe ule ndipo walipokaa wazee siku ya posa yake. Mtumbwi ulipofika nyumbani kwake, kuta zilikuwa zimesimama bila paa, na juu yake mstari wa tope wa mwaka uliopita.

Kijana mkubwa wa askari, aliyeikariri ile 175, aliuliza: "Mama mdogo, mstari huu ni meta ngapi?"

"Hatukupima, mwanangu. Mimi ulinifika kifuani, na mdogo wako nilimbeba kichwani."

Hakuna aliyesema kitu mpaka waliporudi nchi kavu. Lakini kabla ya kugeuza mtumbwi, askari alimpiga picha shemeji yake akiwa ameuwekea mstari ule kiganja. Picha hiyo sasa imetundikwa sebuleni, kati ya Ukuta Mkuu na jeshi la udongo.

Na askari vijana wanaojiandaa kwenda masomoni ng'ambo wanapomwendea kuomba wasia, huwaambia watazame yote wanayoonyeshwa na kuwashukuru wenyeji wao. Kisha huwataka wasiondoke bila kuuliza swali moja: waliokuwa wakikaa hapa, wako wapi sasa?