Pia Niliyomnyang'anya Mwanafunzi

Zamani kidogo nalimnyang'anya mwanafunzi wangu pia yake ya mti chuoni, nikaiita upuuzi. Juzi, pwani ya Raskazone hapa Tanga, akanionyesha kijahazi alichokiunda mwenyewe, akiendeshacho kwa redio. Upepo wa kusi ulipokisukuma kando, kilijirudi njiani.

"Maalim," akasema, "ndani mna jairo, ihisiyo mgeuko wa chombo, nayo huiamrisha sevo, yaani mota ndogo, igeuze usukani."

Nikadhani ndiyo pia ikizuiayo kisipinduke. "La, Maalim, hiyo ni kazi ya farumi."

Jairo ya Mfaransa Foucault, mwaka 1852, ilikuwa gurudumu lizungukalo kwa kasi, lisilokubali kubadili mwelekeo: pia hasa! Za leo nyingi ni kipande kidogo kitetemacho.

Nilirudi nyumbani, nikaitafuta ile pia ya kijana. Sikuiona.