Sauti Ndogo Si Sauti Mbovu

Ndugu msomaji, wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Nami nakubali. Lakini je, haba yenyewe ikiwa ndogo mno, tutaijazia kwa kipimo gani? Swali hili lilinikaa kichwani likizo ya Agosti iliyopita, kwa sababu ya gramafoni ya mjomba wangu.

Mjomba ni baharia. Safari moja alirudi hapa Mombasa na gramafoni kuukuu yenye katriji ya Denon DL-103. Katriji ni kile kichwa kidogo kinachobeba sindano. Aina hii ilibuniwa Japani miaka ya 1960 kwa ajili ya shirika la utangazaji la NHK, kwa hivyo si kitu cha kubahatisha.

Babu alifurahi si haba. Anazo santuri za taarab kama sitini, na baadhi yake zilipigwa siku ya arusi yake na marehemu bibi. Walakini gramafoni ilipowashwa, sauti ilitoka kwa mbali kama mtu anayeimba ndani ya mtungi. Ukiongeza volyumu hadi mwisho, mvumo nao unaongezeka, na mwimbaji anazama humo humo. Babu ana miaka 81 na masikio yake si yale ya zamani. Hakuambulia hata neno moja.

Akaitwa fundi. Akatazama, akatikisa kichwa, akasema eti katriji imekufa na santuri zimechakaa. Babu akakata shauri, "Basi na ziuzwe. Niweke nisichokisikia cha nini?" Mnunuzi akaahidi kuja Jumamosi. Bwana wee, siku hiyo ilikuwa Jumatano!

Jambo moja lilinitia shaka. Sauti ilikuwa ndogo, ndiyo, lakini haikukwaruza, na spika zote mbili zililia sawasawa. Kitu kilichokufa hakiimbi vizuri hivyo. Nikafungua kitabu cha Fizikia, pale penye sumaku na koili, kisha nikaisoma karatasi ya maelezo ya katriji.

Kumbe katriji ziko za namna mbili kuu! Katika ile ya kawaida, iitwayo MM, sindano hutikisa sumaku ndogo, na koili zimetulia. Koili hizo zina mizunguko mingi ya waya, hivyo umeme unaotoka ni kama milivolti 5. Katika namna ya pili, iitwayo MC, ni koili zenyewe zinazotikiswa. Lazima ziwe nyepesi, kwa hivyo waya ni mchache na umeme ni kidogo. DL-103 hutoa milivolti 0.3 tu.

Sasa tupige hesabu pamoja. Kati ya gramafoni na amplifaya kubwa kuna priamplifaya, yaani kisanduku kinachokuza umeme huo mdogo kwanza. Kisanduku cha MM huwa na ukuzaji wa desibeli 40 hivi, maana yake ni mara 100. Milivolti 5 mara 100 ni milivolti 500, zinazotosha amplifaya. Lakini milivolti 0.3 mara 100 ni milivolti 30 tu! Hapo ndipo babu alipokwama. Kila desibeli 20 zinazoongezwa huzidisha volti mara 10. Kwa hiyo desibeli 60 ni mara 1,000, na DL-103 itatoa milivolti 300. Hapo mambo yanakuwa sawa.

Volyumu haiwezi kufanya kazi hiyo, kwa kuwa iko mbele ya safari. Hupandisha wimbo pamoja na mvumo uliokwisha kuingia njiani.

Nikamwambia, "Mjomba, hebu tuzime umeme tukipindue hiki kisanduku." Akacheka, lakini akakipindua. Chini yake, ndani ya vumbi, palikuwa na swichi ndogo yenye herufi MM na MC. Ilikuwa upande wa MM. Tukaisukuma upande wa pili, tukashusha volyumu hadi chini kabisa, tukawasha, halafu tukaipandisha polepole.

Udi ulilia sebuleni hadi majirani wakachungulia. Babu hakusema kitu. Aliinama kuelekea spika, midomo yake ikifuatisha maneno. Wimbo ulipokwisha akaniambia, "Mjukuu wangu, irudishe mwanzo." Mnunuzi alipofika Jumamosi alipewa kahawa na tende, akaenda zake mikono mitupu.

Wenzangu, msikimbilie kusukuma swichi hiyo ovyo. Mwenye katriji ya MM akiiweka kwenye desibeli 60, milivolti zake 5 zitakuwa volti 5, na sauti itapasuka. Soma kwanza katriji inatoa milivolti ngapi, zidisha, ndipo uchague.

Na hapa shuleni je? Wapo wenzetu wanaojibu kwa sauti ya chini, nasi twawahi kusema hawajui kitu. Pengine wanajua sana. Tukipunguza kelele zetu, tukawasogelea na kuwapa nafasi, huenda tukasikia la maana. Nawatakia masomo mema.