Boma la Biharamulo na Barua ya Makka

Atokaye Ngara akafika Biharamulo huliona boma lililojengwa na Wadachi, lenye kuta nene. Mtu akidhani ya kuwa wajenzi wale hawakuogopa kitu, na asikie haya. Mwaka 1908, Maji Maji ikiwa imezimwa juzi tu, barua iliyoitwa ya Makka ilienea pwani toka Lindi, ikinakiliwa kwa mkono: mwisho wa dunia u karibu, watu watubu. (Nasi walimu twasema vivyo hivyo!) Wadachi walihofu maasi mapya, wakazikamata nakala, wakazitia katika majalada. Hata leo zimo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Zilizofichwa majumbani, nadhani mchwa wamekwisha kuzila.