Tone Moja la Damu

Sisi akina mama wa Rusimbi tunapokutana kusali, malaria tunaiombea kwa sauti. Kaswende hatuitaji. Tunaona kama ni habari ya watu wengine, si ya mke aliyefunga ndoa kanisani. Lakini inamhusu naye, na zaidi akiwa mjamzito.

Watafiti waliofuatilia wajawazito mkoani Mwanza, wakatoa taarifa yao mwaka 2002, waliona kwamba kati ya kila mama wanne wenye kaswende kali isiyotibiwa, mmoja alizaa mtoto mfu. Na sisi mara ngapi tumesema fulani karogwa!

Zamani damu ilichukuliwa kwa bomba la sindano, ikapelekwa maabara penye umeme, mama akaambiwa arudi siku nyingine. Mwenye kuanika dagaa Kibirizi arudi lini? Kipimo cha haraka kimeondoa usumbufu huo. Muuguzi anachoma kidole, anaweka tone kwenye kipimo, na kabla ya nusu saa majibu yamesomeka. Ugonjwa ukionekana, mama anachomwa sindano ya penisilini siku hiyo hiyo, na mtoto anatibiwa humo humo tumboni. Asikawie tu, maana sindano hiyo inatakiwa ipatikane angalau mwezi mmoja kabla ya kujifungua. Na ambaye penisilini inamdhuru aseme mapema.

Ugumu uko nyumbani. "Nani kauleta?" Kipimo hakijibu swali hilo. Kaswende hukaa mwilini miaka mingi bila kidonda wala maumivu. Tena hata aliyekwisha kutibiwa zamani, kipimo hiki huweza kuendelea kumwonyesha kuwa anayo. Basi mume anayemfukuza mkewe kwa ajili ya mistari miwili hajui alifanyalo, na mke anayemtupia mume nguo nje, vivyo hivyo. Baba naye apimwe na kutibiwa, na wote wawili wajizuie mpaka muuguzi awaruhusu, la sivyo mama ataambukizwa upya.

Ndiyo maana wengi wetu tunapenda kwenda na baba watoto hudhurio la kwanza kabisa, wote wasikie kwa muuguzi, si mmoja kumsimulia mwenzake usiku huku watoto wanasikiliza. Kama yuko ziwani kwa ajili ya giza, atapimwa akirudi. Sindano ya mama haimsubiri.