Saa ya Mkono na Marubani wa Vita

Wasomaji wetu, vyombo vingi tuvitumiavyo vilitufikia vikiwa vimekwisha zoeleka kwa wengine, hata hatuulizi ni nani aliyevitaka kwanza, wala kwa haja gani. Kimojawapo ni saa ya mkono. Mtu huifunga aendapo kanisani au mnadani, huitazama, kisha hushika njia yake. Lakini saa hii ina habari ndefu, na sehemu kubwa ya habari hiyo imetoka angani, kwa watu warukao na ndege, na hasa ndege za vita. Twapenda kuieleza, maana ndani yake mna adha ambazo hata sisi wa vijijini twazijua, ijapokuwa wengi wetu hatujapanda ndege kamwe.

Zamani mwanamume wa Ulaya aliichukua saa yake mfukoni, imefungwa kwa mkufu. Saa ya mkononi ilihesabiwa kuwa pambo la wanawake, na mwanamume aliyeivaa alichekwa. Alikuwako mtu wa Brazil akikaa Paris, jina lake Alberto Santos-Dumont, mpenda kuruka kwa maputo na baadaye kwa ndege. Huyu alimlalamikia rafiki yake Louis Cartier, muuza vito na saa, akamwambia kwamba awapo angani mikono yake yote miwili ina kazi, naye hawezi kuitia mfukoni ili atoe saa. Mwaka 1904 Cartier akamfanyizia saa ya kufungwa mkononi kwa ukanda wa ngozi. Asili ya jambo ni hiyo tu: mtu hana mkono wa tatu. Aliyepata kuendesha baiskeli mlimani na mkungu wa ndizi nyuma yake atamfahamu Bwana Santos-Dumont bila kuelezwa zaidi.

Kisha ikaja vita ya 1914 hata 1918. Maaskari walikaa katika mahandaki, na maofisa wao walilinganisha saa kabla ya shambulio, ili mizinga inyamaze dakika ile ile ambayo watu wao wanatoka. Aliyetoka mapema aliuawa na mizinga ya kwao. Saa ya mfukoni, chini ya koti lililolowa matope, haikufaa. Vita ilipokwisha, wanaume walirudi makwao na saa mikononi, wala hapakuwa na mtu wa kuwacheka.

Kwetu nako ndege zilifika katika vita ile. Mwezi wa Julai 1915 ziliruka kutoka kisiwa cha Mafia, zikizunguka juu ya delta ya Rufiji, ambamo manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imejificha. Kazi yao ilikuwa kuziangalia risasi za manowari mbili za Kiingereza, Severn na Mersey, na kuzipasha habari zimeanguka wapi. Tarehe 6 manowari hizo zilipiga kwa wakati mmoja, na mtazamaji aliye juu akawa hajui risasi hii ni ya nani na ile ni ya nani, hata maagizo yake yakawachanganya wapigaji. Tarehe 11 wakapiga kwa zamu, na kazi ikaisha siku ile. Ndege iliyokuwa ikitazama ilipigwa, nayo hata ikishuka mtoni bila nguvu ya injini ilizidi kupeleka maagizo. Twaitaja habari hii kwa sababu yaonyesha kwamba kuona peke yake hakutoshi. Lazima ujue kilichoonwa ni cha wakati gani.

Sasa tuangalie jambo lililo gumu kidogo, nasi twaomba msomaji avumilie hesabu. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa kila saa moja. Rubani aliye juu ya bahari hana mlima wala mto wa kumwongoza. Katika siku zile alipima kimo cha jua au cha nyota, kisha akaitazama saa yake iliyotiwa kwa majira ya Greenwich, na kwa hayo mawili akajua yuko mashariki au magharibi kiasi gani. Saa hiyo ikikosa kwa nukta moja, ambayo wengine huiita sekunde, basi kwenye ikweta rubani amekosa mita 460 na zaidi. Ikikosa kwa dakika nzima, amekosa kilometa 27 na zaidi. Kisiwa kidogo alichokitazamia hatakiona, na mafuta yana mwisho.

Tena palikuwa na adha nyingine iliyoonekana ndogo. Katika saa nyingi za siku zile, ukivuta kile kichwa cha ubavuni ili uzisogeze akrabu mbili kubwa, akrabu ya nukta haikusimama. Iliendelea na safari yake kama mbuzi asiyesikia. Kwa hiyo ungeweza kuilinganisha saa kwa dakika, lakini si kwa nukta. Ofisa mmoja wa jeshi la wanamaji la Marekani, Philip Van Horn Weems, alibuni njia ya kuikwepa adha hiyo. Kwa kuwa akrabu haikubali kusimama, akaacha akrabu iende, akaizungusha duara ya nukta iliyo chini yake mpaka ilingane na mlio wa redio. Mwaka 1928 Weems alimfundisha Charles Lindbergh, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amevuka bahari ya Atlantiki peke yake kwa muda wa saa 33 na nusu. Katika vita ya pili Wamarekani walizidi kurahisisha: saa yao iliyoitwa A-11, ukiuvuta kichwa, akrabu ya nukta husimama, ukiurudisha, huenda. Kikosi kizima kiliweza kusimamisha saa, kungoja neno moja, na kuziachilia pamoja. Wajerumani walifanya saa kubwa mno kwa ajili ya waongozaji wao wa ndege, milimeta 55 kwa upana, yenye ukanda mrefu wa kufungwa juu ya mkono wa koti la ngozi, na kichwa kinene cha kushikwa na mtu aliyevaa glavu. Saa hiyo ni mbaya kwa sura, lakini sisi twaipenda, maana aliyeichora alikumbuka kwamba huko juu kuna baridi.

Sumaku nayo ina visa vyake. Kamani nyembamba ya ndani ikishikwa na sumaku, mikunjo yake hugandamana, na saa hukimbia mbele kupita kiasi. Ndani ya ndege vyombo vyenye sumaku ni vingi. Ndiyo maana waongozaji wa ndege za jeshi la Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1940, walianza kupewa saa iliyoitwa Mark 11, ambayo mtambo wake umezungukwa na kasha la chuma laini ndani ya kasha la nje, ili sumaku ipite pembeni. Leo adha hiyo imehamia mifukoni mwetu. Kipaza sauti cha simu kina sumaku, na vifungo vya mikoba kadhalika. Mwenye saa ya kujaza aionapo inakimbia ghafula, asikimbilie kumlaumu fundi. Atazame kwanza usiku huwa anailaza juu ya nini.

Yatupasa kusema pia habari ya kung'aa gizani, nayo ni ya huzuni. Askari wa handakini na rubani wa usiku walihitaji kuisoma saa pasipo taa. Kwa hiyo nyuso za saa zilipakwa rangi iliyotiwa radiamu. Huko Orange, katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, tangu 1917 wasichana waliajiriwa kuzipaka. Namba ni ndogo, na brashi hutawanyika nywele; basi wakafundishwa kuichonga ncha yake kwa midomo, wakaambiwa haina madhara. Kila namba chache, brashi mdomoni. Baada ya miaka, meno yao yalianza kuanguka na taya zao kuoza, na wengine wakafa wangali vijana. Watano kati yao, akiwamo Grace Fryer, waliwashitaki waliokuwa na kiwanda, nao wakalipwa mwaka 1928, wakati ambapo miili yao ilikuwa imekwisha haribika. Marubani waliozisoma saa hizo usiku hawakuwajua.

Nguvu ya radiamu hupungua nusu kwa muda wa miaka 1,600 hivi. Saa ya zamani iliyokuwa iking'aa ikakoma, kilichochoka ni ile dawa ipokeayo nguvu na kutoa nuru, wala si radiamu yenyewe. Kama iko nyumbani saa ya namna hiyo iliyoachwa na babu, isifunguliwe wala kukwaruzwa, na watoto wasipewe kuichezea. Saa mpya hutumia rangi nyingine, inywayo mwanga wa mchana na kuutoa usiku, isiyo na sumu ya namna ile.

Mtu atasema kwamba hayo yote yamepitwa, kwa kuwa sasa iko kompyuta. Na tulitazame hilo. Tarehe 25 Februari 1991, katika vita ya Ghuba, Wamarekani walikuwa na mizinga ya makombora iitwayo Patriot huko Dhahran, Saudi Arabia, ya kuangusha vitu vya adui vijavyo kwa angani. Saa ya kompyuta yake ilihesabu wakati kwa sehemu za kumi za nukta. Lakini kompyuta huandika namba kwa 0 na 1 tu, na kwa uandishi huo sehemu ya kumi haiandikiki ikaisha, kama vile sisi tusivyoweza kuimaliza theluthi tukiandika 0.333. Kwa hiyo kilikatwa kipande kidogo mno kila mara. Mtambo uliachwa ukifanya kazi kwa saa 100 pasipo kuzimwa, na vile vipande vikajikusanya hata vikafika theluthi ya nukta. Ni muda usiotosha kufumba jicho na kulifumbua vizuri. Walakini kombora la adui lilipita zaidi ya nusu kilometa katika muda huo. Patriot ikatazama mahali pasipo na kitu. Maaskari 28 walikufa kambini mwao. Kuuzima mtambo na kuuwasha upya kungalitosha. Wenye mtambo walikuwa wameonywa kwamba haifai kuuacha uende kwa muda mrefu sana, ila hawakuambiwa muda mrefu ni saa ngapi. Programu iliyosahihishwa iliwafikia siku ya pili yake.

Tena Februari 2007, kundi la ndege mpya za vita za Marekani, F-22, lilikuwa likiruka kutoka Hawaii kwenda Japani. Zilipofika kwenye mstari wa nyuzi 180, ambapo tarehe hubadilika, kompyuta zake zilichanganyikiwa. Vyombo vya kuongoza njia vikafa, na vya kupima mafuta pia. Marubani walijaribu kuzizima na kuziwasha, haikufaa. Bahati njema hali ya hewa ilikuwa safi, nao wakazifuata kwa macho ndege zilizowapa mafuta, kama vifaranga nyuma ya kuku, hata wakarudi Hawaii.

Sisi tukaao wilaya ya Ngara hatuwezi kuwacheka. Rwanda na Burundi hufuata saa iliyo nyuma ya yetu kwa saa moja, na simu ya mtu akaaye karibu na mpaka, ikipata nguvu ya mnara wa ng'ambo, hubadilika yenyewe usiku bila kumwarifu mwenyewe. Mwaka juzi jirani yetu mmoja aliamka ampeleke mtoto wake hospitali kwa basi la saa kumi na mbili alfajiri. Simu ilimwambia ni saa kumi na moja. Alipofika kituoni basi lilikuwa limekwisha ondoka, naye akakaa kando ya njia na mtoto mwenye homa, mpaka lilipopita lori la mahindi karibu na saa nne. Mtoto alipona. Shuleni nako tumepata asubuhi ambapo nusu ya darasa la saba imekaa na nusu iko bado njiani, na wote wameitazama saa kwa uaminifu.

Na la ajabu ni kwamba simu ile ipoteapo hulikaribia jua. Tanzania, Kenya na Uganda hufuata majira ya mstari wa nyuzi 45 mashariki, ambao haupiti katika nchi hata moja kati ya hizo tatu. Uko mbali zaidi mashariki. Dar es Salaam jua huchelewa kufika utosini kwa dakika 23 hivi, kwa wastani wa mwaka. Huku kwetu Ngara hufika karibu na saa saba. Mzee apimaye kwa kivuli chake na kijana apimaye kwa simu wote wana haki, ila hawawezi kufanya miadi.

Liko na jambo la kusoma. Saa ya akrabu, mtoto wetu hutazama namba iliyokabili: akrabu fupi ikiwa juu ya 7, naye asema ni saa moja. Simu huandika 07:00, na namba hiyo haina iliyoikabili. Lazima atoe sita kichwani, na wadogo hukwama. Kwa hiyo saa ya ukutani hatujaiondoa darasani.

Tumekwisha waonyesha wazazi namna ya kuizuia simu: katika mipangilio, penye tarehe na saa, huondolewa ruhusa ya kujibadili yenyewe. Na kengele ya shule hupigwa kwa saa ya kujaza ya mwalimu mkuu, ambayo hukimbia dakika mbili kila juma, naye huirudisha Jumatatu asubuhi kwa milio ya redio kabla ya taarifa ya habari.